Watoto wa nguruwe wanapokufa usiku mmoja: ni pesti, ni panya, au ni dawa ya panya?

Mama mdogo wangu, anayekaa Kabare, si mbali na Bukavu, aliamka asubuhi moja akakuta watoto saba wa nguruwe wamekufa ndani ya banda. Jana yake jioni walikuwa wananyonya. Hawakuwa na kidonda, hawakuharisha, hawakutapika. Wa nane alikuwa bado anapumua kwa shida huku akitetemeka, na kabla jua halijapanda naye akaenda. Mama yao alikuwa mzima kabisa, anapiga kelele akidai chakula.

Majirani walifika, wakatazama, wakatoa hukumu kwa neno moja: pesti. Hilo ndilo jina ambalo wengi wetu tunalipa homa ya nguruwe ya Afrika, na likishatamkwa hakuna anayeuliza zaidi. Kabla ya jioni mchinjaji alikuwa amekwisha kuja. Alichukua jike na dume kwa bei aliyoipanga mwenyewe, maana alijua anaongea na mtu mwenye hofu. Watoto waliokufa walitupwa bondeni. Binamu yangu hakumaliza masomo mwaka ule, kwa kuwa minervali yake ilitarajiwa kutoka kwa watoto wale wanane.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi, nikaona ni jambo la kawaida. Nguruwe hufa. Nilipoanza kuandaa habari hii ndipo nilipomrudia mama mdogo na maswali ambayo siku ile hakuna aliyeuliza. Waliokufa walikuwa na umri gani? Mkubwa yeyote aliugua? Kulikuwa na panya? Hapo alicheka. Gunia la pumba lilikaa chini, kwenye kona ya banda, na panya walikuwa wamelitoboa. Kila asubuhi alikuwa anatoa mavi yao kwa vidole kabla ya kumwagia nguruwe chakula.

Siwezi kusema leo ni nini kiliua wale watoto, kwa sababu hakuna aliyechukua hata tone la damu. Lakini najua sasa kwamba kuna vifo vitatu, angalau, ambavyo mfugaji anaweza kuvichanganya akisimama mlangoni mwa banda lake. Panya anahusika katika vyote vitatu, ila si kwa namna moja. Katika cha kwanza anasingiziwa mengi. Katika cha pili ni mkosaji hasa, lakini hakuna anayemtaja. Katika cha tatu yeye mwenyewe ni marehemu.

Tukianza na pesti, ni ugonjwa wa kwetu Afrika. Daktari wa mifugo Montgomery aliuandikia maelezo ya kwanza mwaka 1921 huko Kenya, baada ya kuona nguruwe walioletwa kutoka Ulaya wakifa karibu wote, huku ngiri wa porini wakiishi na virusi bila shida. Kati ya ngiri na nguruwe yuko kupe laini anayejificha kwenye mashimo na nyufa, anayenyonya damu usiku na kurudi mafichoni. Huo ndio mzunguko wa zamani. Siku hizi, katika sehemu nyingi za mashariki mwa Congo, ugonjwa hauhitaji tena ngiri wala kupe: unatembea kutoka nguruwe wa kufugwa hadi nguruwe wa kufugwa, na anayeutembeza ni mtu.

Watafiti waliochunguza nguruwe wa Kivu ya Kusini, kwa msaada wa maabara ya Nairobi, walikuta aina mbili za virusi hivyo, ile inayohesabiwa kuwa ya IX na ile ya X. Ni aina zinazojulikana pia kwa majirani zetu wa Afrika Mashariki. Haishangazi. Nguruwe anavuka mpaka juu ya pikipiki, amefungwa miguu, na nyama inavuka ndani ya mfuko wa plastiki.

Virusi vya pesti ni vigumu kuua. Katika damu iliyowekwa mahali pa baridi vinaweza kukaa zaidi ya mwaka. Katika nyama iliyotiwa chumvi au kukaushwa vinakaa miezi. Ndiyo maana ugonjwa umesafiri mbali hivyo. Mwaka 1957 ulitokea Ureno, kwa nguruwe waliolishwa mabaki ya chakula karibu na uwanja wa ndege wa Lisbon. Mwaka 2007 uliingia Georgia, na inaaminika uliletwa na mabaki ya chakula kutoka melini. Mwaka 2018 ulifika China, nchi yenye nguruwe wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Mtu hauguzwi na virusi hivi hata akila nyama yenyewe. Hilo ndilo linalofanya nyama ya mgonjwa iuzwe bila mtu kuona aibu.

Na panya? Wafugaji wengi wanaamini ndiye anayeleta pesti. Kuna chembe ya ukweli. Panya anayekimbia juu ya damu ya nguruwe aliyekufa, kisha akapita kwa jirani, anaweza kubeba uchafu huo miguuni na kwenye manyoya, kama vile kiatu cha mchinjaji kinavyoweza, au paka, au mbwa aliyefukua mzoga bondeni. Lakini tafiti hazijaonyesha kwamba virusi vya pesti vinazaana ndani ya mwili wa panya. Hauguzwi navyo, wala havitunzi. Akikauka manyoya, safari imekwisha. Ukimpanga panya kwenye orodha ya wanaoeneza pesti, atakuja nyuma sana ya mtu anayeuza nguruwe wake upesi upesi kabla hawajaanza kuugua, nyuma ya mabaki ya mgahawa yasiyochemshwa, na nyuma ya dume anayezungushwa kijiji kizima kupanda majike.

Nasisitiza hili kwa sababu ya jambo moja. Mfugaji anayeamini kwamba pesti inaletwa na panya atanunua sumu ya panya na kulala usingizi, huku mlango wa banda uko wazi kwa kila mgeni mwenye viatu.

Virusi kutoka Mengo

Sasa tuje kwenye kifo cha pili, ambacho jina lake ni refu mno kwa mazungumzo ya sokoni: ensefalomiokaditi. Wataalamu wanafupisha na kusema EMC. Hapa tutaviita virusi vya moyo, maana moyo ndio vinaoula.

Historia yake inapita karibu na kwetu. Mwaka 1946, nchini Uganda, tumbili mmoja wa maabara aliyeletwa kutoka Asia alipooza. Watafiti wa kituo cha Entebbe, kilichokuwa kimeanzishwa kwa ajili ya homa ya manjano, walitoa kwake virusi wakaviita Mengo, jina la wilaya ile na la kilima walichokalia wafalme wa Buganda. Aliyeviandika ni George Dick, ambaye mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa waliogundua virusi vya Zika katika msitu wa jina hilo hilo, katika nchi hiyo hiyo. Zika imekuwa maarufu duniani. Mengo imebaki kwenye vitabu. Baadaye ilionekana kwamba virusi vya Mengo ni ndugu wa damu wa virusi vilivyokuwa vimepatikana mwaka 1945 huko Florida, Marekani, kwa sokwe mdogo wa Asia aliyekufa ghafla. Leo vyote vinahesabiwa kuwa kitu kimoja.

Kwa nguruwe, ugonjwa huu uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1958 huko Panama. Tangu hapo umepatikana mabara mengi. Katika miaka ya 1980 na 1990 uliua watoto wa nguruwe Italia, Ugiriki, Cyprus na Ubelgiji, katika mashamba yenye sakafu ya saruji na daktari wake. Nayataja haya ili mfugaji wa Walungu asidhani ni ugonjwa wa umaskini.

Panya ndiye nyumba ya virusi hivi. Kwa kawaida haugui. Anavibeba tumboni, anavitoa kwa mavi na mkojo, na anaweza kumwambukiza panya mwenzake. Watafiti wa Ugiriki waliowaambukiza panya katika maabara waliona virusi vikijificha muda mrefu ndani ya miili yao. Nguruwe anaambukizwa kwa mdomo: anakula pumba zenye mavi ya panya, anakunywa maji yaliyokojolewa, au anamla panya mwenyewe. Ndiyo, nguruwe hula panya. Aliyefuga anajua kwamba panya aliyekufa ndani ya banda hafikishi asubuhi.

Baada ya hapo virusi vinaingia katika damu na kwenda kwenye misuli ya moyo. Kwa nguruwe mkubwa mara nyingi hakuna kinachoonekana. Jike mwenye mimba anaweza kutupa, au kuzaa watoto waliokufa na wengine waliokauka kama mummia. Lakini kwa mtoto anayenyonya mambo ni ya haraka. Moyo unavimba, unashindwa kusukuma damu, na mnyama anaanguka, mara nyingine wakati anakula au anapobebwa. Wengine hutetemeka, hutembea kama walevi, hupumua kwa nguvu. Katika zizi lililoingiliwa, karibu watoto wote ambao hawajaachishwa ziwa wanaweza kufa. Daktari akifungua kifua anakuta maji yamezunguka moyo, na juu ya moyo wenyewe madoa meupe au ya kijivu.

Tofauti na pesti, virusi hivi havipiti kwa nguvu kutoka nguruwe hadi nguruwe. Kwa hiyo ukiwa nao bandani, usikimbilie kumlaumu jirani. Angalia gunia lako la pumba.

Anayedhani panya hawezi kuangusha mnyama mkubwa na asikilize yaliyotokea katika mbuga ya Kruger, Afrika Kusini. Kuanzia mwisho wa mwaka 1993 hadi mwisho wa 1994, tembo 64 walikufa huko kwa virusi hivi, wengi wao madume makubwa. Kipindi hicho panya walikuwa wameongezeka kupita kiasi mbugani, hasa yule panya wa shambani mwenye chuchu nyingi ambaye wanasayansi wanamwita Mastomys natalensis. Watafiti waliwapima panya na kuona kwamba dalili za maambukizi kwao zilipanda sambamba na vifo vya tembo. Mnyama wa tani tano, moyo wake umeliwa na kitu kilichotoka kwenye mavi ya mnyama anayeenea kwenye kiganja.

Panya huyo wa chuchu nyingi si mgeni kwetu. Anaishi karibu kote kusini mwa Sahara, shambani na ndani ya nyumba za udongo, na jike mmoja anaweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mara moja. Mimba yake ni wiki tatu na siku chache. Kule Afrika Magharibi ndiye anayebeba virusi vya Lassa. Pamoja naye yuko panya mweusi wa darini, hodari wa kupanda kuta na kamba. Watu wa Ituri hawahitaji mwandishi wa Bukavu awaeleze panya huyu analeta nini. Tauni imekaa nao miaka mingi. Na nchi nzima tumejifunza kwa mpox kwamba wanyama wanaoguguna si wa kuchezewa. Ajabu ni kwamba tumejifunza kwa ajili ya watu, na bado hatujapeleka somo lile bandani.

Hapa msomaji wa Kivu ataniuliza kuhusu kobayi, wale ambao wengine tunawaita dende, wanaofugwa jikoni katika nyumba nyingi za Walungu na Kabare. Nao wanaguguna, ni wa ukoo mmoja na panya. Katika maabara kobayi anaambukizwa virusi vya moyo. Tatizo lake ni lile lile la nguruwe: panya wa darini anakula naye sahani moja. Kuwaweka kobayi mbali na sakafu, ndani ya kizimba, ni kuwalinda wao kwanza.

Kifo kinachouzwa kwenye kipakiti

Kifo cha tatu hakina virusi. Ni dawa ya panya.

Sumu nyingi za panya zinafanya kazi kwa kuzuia damu isigande. Panya anakula leo, anakufa baada ya siku kadhaa, akiwa ametoka damu ndani kwa ndani. Nguruwe akila chambo hicho, au akila panya wengi waliokula, yanaweza kumpata yale yale: madoa ya damu chini ya ngozi, damu puani, damu kwenye kinyesi, udhaifu, kifo. Sasa fikiria dalili za pesti: masikio na tumbo kuwa mekundu au ya zambarau, damu puani, damu kwenye kinyesi, kifo. Vitabu vya madaktari wa mifugo vinaiweka sumu hiyo kwenye orodha ya mambo yanayoweza kudhaniwa kuwa pesti. Kwa macho tu hata mtaalamu anaweza kukosea.

Zipo pia sumu nyingine zinazouzwa sokoni kwenye vipakiti vidogo visivyo na jina wala maelezo, ambazo zinaua kwa dakika, si kwa siku. Hizo zinashika mishipa ya fahamu: mnyama anatoa povu, anatetemeka, anaanguka. Ukisoma tena jinsi mtoto wa nane wa mama mdogo alivyokufa, utaelewa kwa nini nilimuuliza pia kama siku zile aliweka dawa. Alijibu hapana, lakini jirani aliweka.

Kuna nguruwe anayekufa kwa ugonjwa uliotoka kwa panya, na kuna anayekufa kwa dawa aliyotegewa panya huyo. Mfugaji anaweza kuruka kutoka cha kwanza hadi cha pili ndani ya wiki moja, akiamini anajitetea.

Kosa la jina lina bei

Mtu anaweza kusema: kifo ni kifo, jina litanisaidia nini? Litasaidia sana, kwa sababu kila jina lina kitendo chake, na kitendo cha jina moja ni hasara kwa jina lingine.

Ikiwa ni pesti, kuuza waliobaki ni kuwapelekea wengine msiba. Hakuna dawa. Chanjo zimeruhusiwa Vietnam tangu miaka michache iliyopita, lakini si kitu ambacho mfugaji wa Kabare anaweza kwenda kununua leo. Kinachobaki ni kufunga mlango: hakuna nguruwe anayetoka, hakuna nyama inayotoka, mizoga inazikwa kwa kina au kuchomwa, banda linaoshwa kwa sabuni kisha kwa maji ya javeli na kuachwa tupu. Ni uchungu, hasa mahali ambapo hakuna anayekulipa fidia. Naelewa kwa nini watu wanaficha.

Ikiwa ni virusi vya moyo, jike la mama mdogo halikuwa na sababu ya kwenda kwa mchinjaji. Nguruwe wakubwa kwa kawaida wanapona bila hata kuonyesha kwamba waliugua, na uzao unaofuata unaweza kuokolewa kwa kuondoa panya kwenye chakula. Alipoteza watoto wanane kwa bahati mbaya. Wazazi wawili aliwapoteza kwa kukosa jina.

Ikiwa ni sumu, daktari akiitwa mapema ana la kufanya, kwani kwa zile zinazozuia damu kuganda ipo dawa, vitamini K. Na nyama ya mnyama huyo isiliwe kabisa. Huyu mchinjaji hakuuliza swali hilo.

Zipo dalili za kuanzia, ingawa hazichukui nafasi ya maabara. Uliza kwanza nani anakufa. Watoto wanaonyonya wakifa kwa kundi na mama yao mzima, wazo la moyo lije mbele. Wakifa wa kila umri, mmoja leo, watatu baada ya siku mbili, kisha banda zima, waza pesti. Pili, pima joto. Nguruwe mzima ana nyuzi 39 hivi. Mwenye pesti mara nyingi anapanda hadi 40, 41 au 42, anajifunika kwenye majani na kukataa chakula. Anayetoka damu bila homa anakufanya utafute kipakiti cha sumu. Kipimajoto cha duka la dawa kinatosha, kile cha kuweka nyuma, mradi kisirudi kutumika kwa watoto wa nyumbani.

Jambo moja la hatari: usifungue mzoga mwenyewe ukitafuta madoa kwenye moyo. Ikiwa ni pesti, damu hiyo itamwagika, mbwa wataipata, na visu vyako vitasafiri. Mwache daktari wa mifugo achague. Atachukua damu, au kipande cha wengu na cha moyo, akiweke kwenye ubaridi. Hapo ndipo penye ugumu wetu. Maabara kuu ya mifugo iko Kinshasa, mbali sana na Bukavu. Watafiti wa hapa wametegemea Nairobi kwa uchunguzi wa undani. Mtu mwenye majike mawili hawezi kulipia safari ya chupa ya damu. Kama mamlaka za kilimo zinataka kweli kujua nini kinaua nguruwe wa nchi hii, sehemu ya kuanzia ni barafu na usafiri kutoka makao makuu ya kila teritwari, siyo semina nyingine hotelini.

Mafunzo kuhusu pesti yapo, na ni mazuri. Lakini katika vijiji nilivyopita, mfugaji akisikia neno ugonjwa wa nguruwe anasikia jina moja tu. Wa pili hana jina kwa lugha yetu hata kidogo. Kitu kisicho na jina hakipimwi, na kisichopimwa hakiingii kwenye ripoti.

Kuhusu panya wenyewe, wengi wanaanza na sumu. Ni kuanzia mwisho. Panya anakuja bandani kwa sababu tatu: chakula, maji na mahali pa kulala. Pumba na machicha ya bia vikikaa ndani ya pipa la chuma lenye kifuniko, umekwisha kumfukuza nusu. Pipa kuukuu ni ghali, najua, lakini linakaa miaka, na gunia moja la pumba lililoliwa na kuchafuliwa nalo ni pesa. Mwagia nguruwe kiasi anachomaliza. Kinachobaki birikani usiku ni karamu ya wengine. Fyeka majani kuzunguka banda, ondoa rundo la kuni lililoegemezwa ukutani, ziba matundu kwa mawe na saruji au kwa bati, si kwa tambara. Panya anapita tundu ambalo kidole gumba kinaingia, na yule mdogo wa nyumbani anapita tundu la kalamu.

Mitego ya chuma inasaidia, ikitegwa kando ya ukuta ambapo panya hupenda kupita. Anayekamatwa asishikwe kwa mkono mtupu: geuza mfuko wa plastiki uwe glavu, kisha mzike. Nikisema mzike simaanishi umtupie nguruwe. Na kama lazima utumie sumu, iwe ile yenye jina na maelezo, iwekwe ndani ya kipande cha bomba au sanduku lenye tundu dogo, nje ya banda, mahali ambapo pua ya nguruwe na mkono wa mtoto haviwezi kufika. Hesabu vipande ulivyoweka, ili ujue vingapi vimeondoka. Ukianza kuona panya mchana, jua kwamba usiku hawana tena nafasi ya kutosha.

Paka anasaidia kidogo, ingawa panya wakubwa anawaheshimu. Tena paka hulala kwa majirani watatu kwa usiku mmoja, na katika msimu wa pesti sipendi msafiri wa aina hiyo.

Mama mdogo alikaa miaka miwili bila nguruwe. Alirudi kufuga kwa pesa ya likelemba, jike moja tu. Nilipomtembelea mwezi uliopita, pumba zilikuwa ndani ya pipa lililokuwa la mafuta, juu yake jiwe, na kwenye msumari ukutani kining'inio chenye kipimajoto ndani ya soksi ya mtoto. Jike lina mimba. Aliniomba namba ya daktari wa mifugo, nikamwandikia kwa mkaa mlangoni, kwa tarakimu kubwa ili aione hata usiku kwa mwanga wa simu.